Vibwengo Wamehamia Msituni

Ruwi, Muscat
Jumamosi, 3 Mei 2025

Mpwa wangu Zaitun,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na mama yako, na kwamba duka la madera pale Buruburu linawapa riziki bila kuwachosha. Mimi sijambo. Joto la huku limeshaanza ukorofi wake. Saa nne za asubuhi ukigusa kitasa cha mlango unaruka. Kazini kuzuri, nyumba nzuri, majirani watulivu. Mwambie dada Nasima ninakula vizuri na asinipigie tena kuniuliza.

Haya, fungua kifurushi. Anayekuletea ni Magan, yule mfanyabiashara wa Eastleigh anayekuja huku kuchukua manukato, na nimemwapisha asikiweke chini ya mizigo yake. Ndani mna toleo la pili la Ufalme wa Vibwengo. Ndiyo, mama, mchezo wetu! Ule niliouandika sebuleni kwenu, tukautoa fotokopi kwa yule dada wa Makadara karibu na mahakama, akatuuliza kama hao vibwengo ni walalamikaji au washtakiwa.

Miaka miwili nimekaa na kazi hii. Toleo la kwanza, tuseme kweli, lilikuwa la kitoto. Vibwengo wanaishi kwenye tangi la maji na chini ya ngazi, wanaazima vijiko vya watu, ufalme gani huo? Sasa wana msitu. Wana kasri na malkia. Sheria nimezinyoosha moja moja. Mchapaji wa huku amenitolea nakala hii moja tu, naye anangoja neno langu ili achape zilizobaki. Neno langu halitoki kabla sijasikia lako, kwa sababu wewe ndiye uliyeucheza mchezo huu tangu ukiwa na meno ya utotoni.

Nakuomba uniandikie kwa kalamu. Kwenye simu utasema "iko sawa, mjomba", halafu unikatie. Kaeni mezani, wewe uwe msimulizi, wenzako wachukue wahusika wao na waseme wanafanya nini, dadu iamue penye shaka, kisha unieleze mlivyouona kwa mara ya kwanza. Usinifiche kitu.

Mjomba wako mwenye roho juu,
Idarusi


Buruburu Phase Three, Nairobi
Jumapili, 25 Mei 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua imekwisha na baridi imebisha mlango mapema. Mama anavaa soksi mpaka dukani na anasema ni wateja wanaomletea baridi. Nimco rafiki yangu amehamia Tassia na nduguze, gorofa ya tano, lakini Jumapili bado anakuja. Musau wa nyumba ya pili amepata kazi ya kufunga nyaya za umeme huko Embakasi na amekuwa na maringo, anatembea na bisibisi mfukoni hata akienda kununua maziwa. Wote wanakusalimu.

Kifurushi kimefika salama. Mjomba, mashallah! Karatasi ni nzito na laini, ukipitisha kidole inateleza. Jalada nalo lina zambarau moja iliyokolea, Mama akasema angepata dera la rangi hiyo lisingelala dukani. Kasri limechorwa vizuri sana, hata madirisha yanahesabika. Herufi ni kubwa, mtu hahitaji miwani. Na kile kitambaa cha kuwekea alama ya ukurasa ni wazo zuri mno, sijui ulilitoa wapi. Harufu ya wino nayo ni ya kitabu cha watu wakubwa.

Nadhani hayo yanatosha kwa mara ya kwanza. Tutaanza kuucheza mambo yakitulia. Magan anaondoka kesho, kwa hiyo naishia hapa. Mama anauliza kama unakula.

Mpwa wako akupendaye,
Zaitun


Ruwi, Muscat
Jumamosi, 14 Juni 2025

Zaitun binti Nasima,

Assalaam aleikum, na Idd njema iliyopita. Nasikia mmechinja pamoja na kina Nimco, na kwamba mama yako aligombana na mchinjaji juu ya maini. Mungu amzidishie nguvu. Huku Idd ilipita vizuri. Niliswali, nikarudi nyumbani nikapumzika.

Sasa hebu tuzungumze. Nilikuomba uniambie habari za mchezo, wewe ukanisifia karatasi. Ukanisifia kitambaa! Mtu akialikwa harusini, akirudi akaulizwa bibi harusi yukoje, akajibu kwamba viti vilikuwa imara, wewe utaelewaje?

Mimi nimekulea, mama. Najua unavyofanya ukipikiwa chakula kisicho na chumvi. Unasifia sahani. Kaa mezani na wenzako, mcheze, kisha uniandikie kilichotokea, mwanzo mpaka mwisho. Mchapaji amenipigia mara mbili. Ninamwambia ninamngoja mtaalamu wangu wa Nairobi, naye anadhani nina profesa huko.

Mjomba wako,
Idarusi

Nimesahau: ninakula.


Buruburu Phase Three, Nairobi
Jumapili, 6 Julai 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu joto limekupa nafasi ya kupumua. Sisi baridi imetushika masikio. Biashara si haba, madera mazito yanatoka. Mama ana mafua lakini ukimwambia apumzike anakuuliza wewe ni daktari wa wapi.

Tumecheza, mjomba. Nitakueleza kilichotokea tu, maoni ni ya wenzangu.

Tulikuwa watatu mezani: mimi msimulizi, Musau na Nimco wachezaji. Musau alichukua mwashi, Nimco akachukua mganga wa mifugo. Mama alikuwa kwenye kochi na kikombe chake cha tangawizi. Mwanzoni alitaka tusome Ayatul Kursi kabla ya kufungua kitabu, kwa sababu ya lile jalada, nasi tukasoma. Dakika kumi baadaye akasema anaona tunababaika, akavuta kiti akawa mchezaji wa tatu. Yeye akachukua fundi cherehani.

Nikasimulia ulivyoandika. Wanapita katikati ya msitu, wanaona duara la uyoga, wanaingia, wanafika kasrini. Musau akauliza msitu huo uko wapi, nikasema kitabu hakisemi. Malkia akawakaribisha mezani kwa asali, matunda na mikate ya maziwa. Nikasoma yale maneno yako, "Je, mtakula?"

Mjomba, wote watatu walikula. Hawakufikiri hata kidogo. Mama alisema bismillah kabisa.

Ndipo nikafungua ukurasa unaofuata nikakuta kwamba anayekula chakula cha vibwengo anakuwa mtumwa wao milele, wala hakuna dadu ya kumwokoa. Mchezo ukaisha. Hata chai haikuwa imepoa.

Musau alisimama. "Manze, tumeshikwa juu ya kula? Sasa ningekataa aje na mtu ameniwekea sahani?" Nimco akasema, "Wallahi kwetu ukikataa chakula cha mtu, hapo ndio utafungwa." Nikawaambia kanuni ni kanuni.

Mama akauliza, "Mimi mkobani mwangu nina mahamri. Nilitoka nyumbani nikienda kwa watu, ningeenda mikono mitupu? Nampa malkia. Anakula au hali?" Nikarusha dadu. Malkia akala. Mama akasema, "Haya. Sasa nani mtumwa wa nani?"

Nimetafuta kitabu kizima, mjomba. Hakisemi kitu kuhusu kibwengo akila chakula cha mtu.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Musau anasema kasri ni zuri. Nimco anasema zambarau inapendeza. Mimi nina swali moja dogo tu: huko ulipokuwa ukiujaribu, wenzako walifanyaje walipofika pale kwenye chakula? Ulicheza na nani?

Mpwa wako,
Zaitun


Ruwi, Muscat
Jumamosi, 26 Julai 2025

Zaitun,

Assalaam aleikum. Nimepata barua yako. Mpe pole dada yangu kwa mafua.

Kuhusu mchezo: sheria ya chakula ni sheria inayojulikana duniani kote katika habari za viumbe hawa. Nimesoma vitabu vingi kabla ya kuiandika. Mchezaji mwenye akili hujihadhari. Kama wenzako hawakujihadhari, kosa si la kitabu. Na suala la mahamri ni mzaha wa mama yako, ambaye tangu utotoni hakuwahi kucheza mchezo wowote bila kuugeuza.

Nashukuru kwa maoni ya Musau na Nimco. Sikuona yako.

Mchapaji amechoka kungoja na mimi nimechoka kumngojesha. Nadhani mwezi ujao nitamwambia aendelee.

Idarusi


Buruburu Phase Three, Nairobi
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Mama amepona. Duka lipo. Baridi ipo. Leo siwezi kukaa kwenye salamu, unisamehe.

Barua yako nimeisoma jikoni na chozi likanitoka, kwa sababu hukuniita mpwa wala mama, umeniita Zaitun kavu kama karani wa benki. Kwa hiyo nimeona nikishakosa adabu nusu ni afadhali nikose yote.

Mchezo huu mpya siupendi. Haya, nimesema. Mama akijua nimemwandikia mjomba wangu hivi atanichapa na miaka yangu ishirini na minne. Lakini ulisema nisifiche.

Siupendi kwa sababu sisi hatuna msitu. Toleo la kwanza nilikuwa nikilicheza mchana, jioni nikienda kuchota maji napiga hodi kwenye tangi, kwa sababu uliandika kwamba kibwengo akipigiwa hodi tatu ni lazima aitikie. Nilikuwa na miaka tisa na niliamini kabisa. Kijiko kikipotea nyumbani tulicheka, hakuna aliyepigwa. Vibwengo wako walikuwa wambea, wadeni, wenye maneno mengi, walikuwa majirani zetu. Hawa wa kasri sijui hata wanacheka na nini. Wanakaa kwenye viti vyao wakingoja mtu akosee.

Na ile sheria ya chakula, mjomba, sikubali kwamba ni akili ya wachezaji. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni hakatai sahani. Mtu yeyote wa kwetu, akiwa Buruburu, Mombasa au huko huko Muscat, akikaa kwenye meza hiyo atakula. Ungeujaribu mara moja tu na watu wawili, ungeliona hilo kabla chai haijamiminwa. Ndiyo maana nilikuuliza ulicheza na nani, na ndiyo maana hukunijibu.

Najua hukucheza na mtu. Miaka miwili umeandika mchezo wa watu wanne ukiwa peke yako. Idd unaswali, unarudi, unapumzika. Mjomba, wewe! Wewe ambaye hapa nyumbani tulikuwa tunakufungia mlango ili ulale, maana ulikuwa unasimama langoni na kila apitaye.

Mwambie mchapaji aendelee ukitaka. Kitabu ni chako, na nitakinunua, na nitakisifia kwa watu. Ila sitakuambia ni kizuri. Mimi nakupenda kuliko vibwengo wote na ndiyo maana roho inaniuma.

Mpwa wako asiye na adabu,
Zaitun


Buruburu Phase Three, Nairobi
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Magan amerudi. Nilimfuata mpaka dukani kwake Eastleigh. Amesema alikukabidhi barua yangu mkononi, ukaitia mfukoni, ukamnunulia juisi, ukamwambia huna cha kumpa arudi nacho. Simu pia hupokei, unajibu tu "niko salama".

Sikuandikii kukusumbua. Mama amegundua nilichokuandikia. Nilidhani nitaliwa mzima. Alisoma nakala ya kwanza niliyokuwa nimeifutafuta, akakaa, akasema, "Umemwambia mjomba wako maneno haya?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ilibidi mtu amwambie. Mimi dada yake naogopa." Kisha akanipiga kofi la bega, la adabu.

Kama umeshachapa, hongera, sisi tutakula biriani siku kitakapofika. Kama umekasirika, kasirika, lakini andika kwamba umekasirika. Kimya chako ndicho nisichokiweza.

Zaitun wako


Ruwi, Muscat
Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Mpwa wangu, mama yangu, mtaalamu wangu wa Nairobi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Salamu kwa dada Nasima, na mwambie hakuna haja ya kuogopa, mimi ni yule yule ambaye yeye alikuwa akimfunga kamba za viatu. Salamu kwa mwashi na mganga wa mifugo.

Nilikasirika. Nilikasirika siku nyingi, nikawa napika huku nagombana na wewe kwa sauti. Niliandaa majibu makali, yote mazuri, na kila nilipofika kwenye swali lako la nilicheza na nani, nilizima jiko.

Hukukosea. Sikucheza na mtu. Nilipofika huku nilijiambia nitakaa kimya kidogo nizoee mji, na kimya kikanizoea mimi. Ukishapita mwaka bila kumsalimu jirani, unaona haya kumsalimu mwaka wa pili, utasema ulikuwa wapi? Nilikuwa narudi kazini, nafungua daftari, naandika watu wanaokaribishwa mezani. Sikuona kwamba nawafunga wote. Barua yako ndiyo iliyonionyesha, na niliona aibu zaidi kuliko hasira.

Sasa sikiliza. Mlango wa pili wangu wanaishi dereva mmoja anaitwa Saif na mama yake. Ni wazaliwa wa huku lakini bibi yao alitoka Unguja, na nyumbani kwao ni Kiswahili tu, nakisikia ukutani tangu nilipohamia. Ijumaa iliyopita baada ya swala nikanunua halwa, nikasimama mlangoni kwao. Nilipiga hodi ya kwanza kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Ya pili ikatoka vizuri. Hapo mama mtu akafungua, akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye ndara, akasema, "Ehe! Kumbe wewe wajua Kiswahili?"

Nikasema ndiyo, mama, mimi mtu wa Nairobi.

Akashika kifua. "Saif! Njoo! Huyu bwana ajua Kiswahili! Miaka miwili twamsengenya kwenye ngazi, mbele ya uso wake!"

Ni kweli, Zaitun. Walikuwa wakisema nina viatu vya polisi na kwamba bila shaka mke amenikimbia. Nilikuwa nasikia kila neno na kupita nikiwa nimeinamisha kichwa, kama tulivyofunzwa kwamba mgeni hajibu. Nikawaambia viatu ni vya kazini na mke sijaoa. Mama mtu alicheka mpaka akakaa kwenye kizingiti. Saif akawa anasema "tusamehe, kaka" na yeye huku anacheka. Wakaniingiza ndani. Ukitaka kujua kama nilikataa chakula, hapana, sikukataa.

Ijumaa hii tumecheza. Saif, mama yake, na rafiki yao mmoja fundi wa friji. Nilifungua daftari nililouandikia mchezo, nikawapeleka msituni, nikawafikisha kasrini, nikauliza kwa sauti nzito, "Je, mtakula?" Mama Saif akaniambia, "Mwanangu, waniuliza au waniwekea?" Nililifunga lile daftari palepale. Tukauanza upya, vibwengo wakiwa nyuma ya mashine ya kupoza hewa, ghorofa ya tatu, Ruwi, na wamechukua kijiko cha mama Saif. Tulimaliza usiku umekwenda, na hakuna aliyefungwa. Sheria ya yule malkia na mahamri sijaipatia jibu. Mwambie dada yangu aniandikie yeye mwenyewe anavyoiona, kwa kirefu, maana naona ndipo mchezo ulipo.

Toleo halichapwi. Lile moja mlilonalo lihifadhini au mliweke chini ya chungu cha moto, nimelisamehe. Nimeanza kuandika jingine, ila safari hii sianzi na sheria. Nawaona watu wanavyocheza, ndipo naandika.

Jana mchapaji alinipigia tena. Nikamwambia bado. Akaguna, akauliza angoje mpaka lini, na ni kitu gani hasa kinachonizuia mwezi hadi mwezi. Nikamwambia anisamehe, nina wageni nyumbani.

Mjomba wako,
Idarusi